UZI: Umealikwa skii Italia na mtalala ndani ya gari? Soma hapa kwanza

mwana_wa_barani
Assalam aleikum wakuu, na wasiokuwa wa salamu hio hamjambo. Kila ikikaribia Disemba simu yangu inajaa ujumbe wa aina moja kutoka nyumbani Malindi, "shemeji wa Kitaliano ametualika Februari tukacheze skii, ati hoteli ghali ivo tutalala kwenye vani, sasa mwenzangu si tutaganda tufe?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi, wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Mie kazi yangu ni jikoni huku kaskazini mwa Italia na wenzangu wa kazini ndio walionitia kwenye huu wazimu. Tukipata ofu tunapanda na vani mpaka Passo Tonale au Livigno, sehemu za skii huko milimani, tunalala hapo hapo pakingi, asubuhi lifti za kupandishia watu mlimani zikifunguliwa sie ni wa mwanzo kwenye foleni. Kwanini hatulali hoteli? Februari shule za baadhi ya mikoa zinafunga siku kadhaa, familia nzima nzima zinahamia mlimani, wenyewe wanaita settimana bianca, yaani wiki nyeupe, na chumba wiki hio ukitajiwa bei utauliza kama ni cha kukodi ama cha kununua.

Haya, baridi yenyewe. Tonale iko mita 1883 juu ya usawa wa bahari, Livigno 1816, na usiku kushuka chini ya -10 si habari ya kumpigia mtu simu. Gari ni bati. Ukizima injini joto linatoka mbio na baada ya muda mfupi ndani ni karibu sawa na nje, tofauti ni upepo tu haukupati. Kwa ivo toa kichwani ile fikra ya kuipasha gari moto ukalala na fulana. Hupashi gari, unajipasha wewe mwenyewe ndani ya begi la kulalia. Hilo ukilishika mengine yanafuata.

Baridi inatoka chini, sio juu. Watu wananunua begi zuri la manyoya ya bata la pesa nyingi alafu wanaliweka juu ya kigodoro cha upepo cha kuchezea baharini, usiku wa manane meno yanagongana wanalaumu begi. Manyoya ukiyalalia yanabanika, yakibanika hayazuii kitu tena, na ile hewa ndani ya kigodoro inazunguka tu inachukua joto lako inalipeleka kwenye bati. Sie tumekata foamu ngumu ya kujengea, ile ya mabamba, tukaifuatisha sakafu ya gari, juu yake godoro la kawaida, juu yake blanketi la sufu, ndio begi. Na ukinunua begi soma namba ya baridi iliyoandikwa comfort. Usisome ile ya extreme kwenye lebo hio hio ukafurahi, manake hio inahusu kutokufa, haijaahidi mtu usingizi.

Alafu dirisha. Hapa ndio watu wa pwani wanabishana na mimi kila mwaka. USIFUNGE MADIRISHA YOTE. Mtu akilala anatoa maji kwa pumzi, watu watatu usiku mzima si mbali na lita moja mnaimwaga hewani humo ndani. Yale maji yanakimbilia kwenye kioo na bati yanaganda hapo, asubuhi unakwangua barafu ya kioo cha mbele kwa ndani, jua likipiga iliyobaki inaanza kudondoka tone tone juu ya mabegi yenu, na begi la manyoya likilowa limekwisha, usiku wa pili humalizi. Fungua mbili, moja mbele moja nyuma, pande tofauti, upana wa kidole. Najua inaonekana ujinga kufungua dirisha nje kukiwa -12 lakini baridi kavu unaizoea, ya majimaji huizoei. Na pua na mdomo vibaki nje ya begi, kichwani vaa kofia ya sufu. Ukipumulia ndani ya begi unalilowesha mwenyewe.

Nitaendelea, ulizeni.

kijana_wa_amu
Yakhe sie huku Amu gari zenyewe ni za kuhesabu, tutalala juu ya punda ama vipi 😂😂

mwana_wa_barani
Punda afadhali, ana joto lake na hana sailensa ya kukuua. Ntafika hapo.

casuarina_boy
Mie siwaelewi kabisa. Wataliano wanakimbia hio baridi wanakuja Malindi kujianika, wewe unatoka Malindi unaifuata? Na unalipa?

mwana_wa_barani
Ukishuka mara ya kwanza bila kuanguka utanielewa. Kabla ya hapo hutanielewa, ni sawa.

dereva_wa_kaskazini
Uzi mzuri kaka. Mimi napiga lori Mombasa Malaba, nimelala kebini Kinungi, nimelala Timboroa, ile baridi ya Timboroa naijua. Sisi wengine tunawasha injini hita ifanye kazi kidogo tunazima, wengine wanaiacha ingurume mpaka asubuhi. Kwani huko kwenye theluji haifai ama ni mafuta tu mnaogopa?

mwana_wa_barani
@dereva_wa_kaskazini hapo ndio penyewe mkuu, nilikuwa nangoja mtu aulize.

Timboroa hakuna theluji, moshi wa sailensa unatoka nyuma unachukuliwa na upepo unakwenda zake. Huku unalala saa nne mbingu safi nyota tupu, saa nane imeshuka theluji ya kufika magotini na wewe umelala huna habari. Sailensa imezikwa. Moshi ukikosa njia ya nyuma unajaa chini ya gari, unapanda kwenye matundu ya sakafu, kwenye raba za milango, kwenye feni ya hita ambayo yenyewe ndio inavuta hewa kutoka nje. Sasa ule moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, hukohoi, macho hayawashi. Unasinzia zaidi tu. Na hata isishuke kutoka mbinguni, kuna lile gari la kusukuma theluji linapita alfajiri, likikuta umeegesha vibaya linakuwekea ukuta mzima nyuma ya bampa.

Kwa ivo sheria ya vani yetu, injini haiwashwi mtu akiwa amelala. Hakuna cha "dakika kumi tu". Ukitaka kuiwasha asubuhi, vaa viatu, toka nje na koleo, fukua nyuma mpaka uone bomba lote na nafasi yake, ndio uwashe. Na kwa faida yako, sheria yao ya barabarani ina faini kwa anaeacha injini inanguruma gari limeegeshwa ili kiyoyozi kifanye kazi, ivo hata polisi hawapendi.

nesi_wa_zamu
Naomba niingie hapa manake hii ndio kazi yangu. Nimefanya kazi bara miaka kadhaa kabla ya kurudi pwani, na msimu wa baridi bara mnajua watu wanaingiza jiko la makaa ndani wanafunga mlango. Gari lililozibwa sailensa na chumba chenye jiko ni kitu kimoja, hewa ile ile.

Kaboni monoksaidi inashika damu mahali pale pale ambapo oksijeni inatakiwa kukaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Ikishakaa haitoki kwa haraka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, na tatizo ni kwamba kule juu mlimani mtu akiumwa kichwa atasema ni urefu wa mlima au uchovu wa kuteleza siku nzima. Sasa shikeni hili, kama mko watu watatu ndani na wote kichwa kinawauma kwa pamoja, msikae kujadiliana nani ana panadoli. Tokeni nje wote, milango wazi, halafu pigeni 112, ndio namba ya dharura ya huko.

Jengine, kile kimashine cha kubana kidoleni kupima oksijeni kisiwadanganye. Kile cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kitakuonyesha 98 na mgonjwa anazidi kuharibika. Wala msingoje mtu awe mwekundu kama vitabu vinavyosema, wengi hawawi.

Nunueni alamu ya kaboni monoksaidi. Ni kitu kidogo tu cha betri.

mwana_wa_barani
@nesi_wa_zamu Mungu akuweke dada. Ya alamu niongeze, kwenye boksi tafuteni EN 50291-2, ile yenye mbili mwisho ndio iliyopimwa kwa magari na maboti, ile ya nyumbani tu ni yenye moja. Sie yetu imefungwa karibu na vichwa tunapolala, sio kule mbele kwenye dashibodi ambapo hakuna atakaeisikia.

msafiri_mpya
Lakini kuna kampa, zile vani zenye vitanda ndani, zina hita zinawaka usiku kucha, nimeona yutubu. Hizo je?

mwana_wa_barani
Hio ni kitu tofauti. Ile hita ya dizeli, kina Webasto na wenziwe, inachoma mafuta ndani ya chemba iliyofungwa, hewa ya kuchomea inavuta kutoka nje, moshi wake unatoa nje kwa bomba lake, alafu feni inapitisha hewa safi ya ndani juu ya chuma chenye moto. Moto na hewa yako hawakutani. Mafuta inakunywa kidogo, desimali tu za lita kwa saa. Ikifungwa na fundi wa kweli unalala nayo, LAKINI bomba lake nalo linatoka chini ya gari, theluji inalifikia vile vile, ivo alamu na dirisha la kidole vinabaki pale pale. Na inakula betri wakati wa kuwaka, betri yenyewe kwenye baridi imeshapungua nguvu.

Zile hita rahisi za mtandaoni amefunga binamu yake shemeji mwenyewe uani, mimi hizo naziwasha jioni tukiwa macho, mtu akianza kusinzia zinazimwa. Wenzangu wananicheka, wacheke. Jiko la gesi la kupikia kulitumia kama hita, hilo hata sijadili.

bi_mkubwa_mld
Mwanangu nimekusoma vizuri, mtoto wangu anakwenda kwa wakweze huko mwezi wa pili. Nina maswali mawili. Mtakula nini ndani ya gari usiku na kupika mnapikaje kama gesi hairuhusiwi. Na sala, udhu unachukuliwaje maji yakiwa barafu.

mwana_wa_barani
Shikamoo mama. Gesi ya kupikia inaruhusiwa, ila jiko linakaa nje ya mlango au mlango wa pembeni uwe wazi kabisa mtu akiwa macho anapika, likishazimwa limezimwa. Na mwambie asichukue ile mitungi midogo ya biuteni ya kupigia pikiniki, biuteni ikifika kwenye sifuri haigeuki kuwa gesi, inakaa ndani ya mtungi kama maji, unafungua koki hakuna kitu. Propeni inakubali mpaka -42, ndio ya mlimani.

Chakula cha usiku kiwe na mafuta na uzito, mwili unatengeneza joto ukiwa unakisaga. Mimi napika mbaazi za nazi nyumbani nazitia kwenye mkebe, kule juu napasha tu, na mahamri yanavumilia siku mbili tatu bila neno. Wataliano wakishaonja hawaachi, jua hivyo upike ya ziada. Baada ya kula unachemsha maji, nusu unatia kwenye chupa ya chai, nusu kwenye ule mfuko wa mpira wa maji moto unauvisha soksi unautanguliza ndani ya begi miguuni robo saa kabla ya kuingia. Na nguo alizotelezea mchana asilale nazo hata zikionekana kavu, zina jasho. Abadilishe zote mpaka soksi.

Udhu, maji ya kwenye chupa ya chai yanabaki moto mpaka alfajiri, anachanganya na theluji kwenye bakuli yanakuwa fufutende, tena ni mengi kuliko anavyohitaji. Akiwa msafiri kuna na ruhusa ya kupangusa juu ya khufu, zile soksi za ngozi, siku tatu mchana na usiku wake, lakini masharti yake ya soksi gani zinafaa amuulize ustadh wake kabla hajaondoka, mie mpishi tu.

bi_mkubwa_mld
Marahaba mwanangu. Mbaazi umezitaja mwenyewe, utampikia na yeye.

mwana_wa_barani
Nitampikia inshallah.

watamu_ciao
Ciao ragazzi. Hamjasema kitu muhimu. Usiku ukibanwa na haja ndogo nje ni -15 unafanyaje? 😅

mwana_wa_barani
Unaweka chupa ya mdomo mpana yenye alama, narudia, YENYE ALAMA, isije ikafanana na ya maji. Wanawake kuna vile vifaneli vyao vinauzwa kwenye maduka ya vitu vya mlima. Usijizuie mpaka asubuhi ukidhani ni ushujaa, hulali, na ukikosa usingizi ndio baridi inakuzidi.

Ya maji ya kunywa, ilaze kichwa chini miguu juu, barafu inaanza kuganda kwa juu ivo ukiigeuza asubuhi upande wa kifuniko bado ni maji. Ama ulale nayo.

Na wewe wa Watamu unaejua Kitaliano usijifanye hujui, waambie wenzako habari ya bombardino.

watamu_ciao
😂😂 Haya. Mkifika kwenye vibanda vya juu mtaona watu wanakunywa kikombe cha njano kina moto na krimu juu, kinanukia vizuri. Ukidhani ni maziwa ya manjano ya bibi umekwisha. Ni mayai na pombe kali. Waislamu kaeni mbali, na hata asiekuwa Muislamu asiinywe usiku kabla ya kulala garini, pombe inakudanganya umepata joto kumbe inalitoa nje kwenye ngozi.

nesi_wa_zamu
Kweli kabisa, mishipa ya ngozi inafunguka, unajisikia moto na wakati huo huo unapoteza joto la ndani.

shabiki_wa_kilifi
Na mnaosema skii sio ya Wakenya mtazame historia. Philip Boit alikimbia skii Olimpiki ya Nagano 1998, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za baridi, akamaliza wa mwisho na yule bingwa wa Norwei Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari kumpongeza. Alafu 2018 PyeongChang akaja Sabrina Simader, huyo amezaliwa hapa hapa Kilifi kabla ya kuhamia Austria akiwa mdogo. Kaunti yetu!

casuarina_boy
Huyo wa Kilifi sikumjua. Haya basi, nimepunguza kelele.

msafiri_mpya
Tukirudi kwenye mambo ya makaratasi. Viza wanataka uthibitisho wa mahali pa kulala. Nikiandika "vani" si watanicheka?

mwana_wa_barani
Usiandike vani. Shemeji ana nyumba, si ana nyumba? Atakuandikia barua ya mwaliko kwamba utakuwa mgeni wake, na ukweli ndio huo, vani ni siku za mlimani tu. Ukishafika kwake ana masaa 48 ya kuwaarifu polisi kwamba ana mgeni wa kigeni nyumbani, mkumbushe manake wengi wanasahau.

Bima ya viza inatakiwa ifike angalau yuro 30,000, hio kila mtu anaijua, lakini soma maandishi madogo kama inagusa michezo ya theluji na kushushwa mlimani ukivunjika. Nyingi hazigusi. Mbali na hio, tangu Januari 2022 kila anaeteleza kwenye njia za skii Italia lazima awe na bima ya kulipa akimgonga mwenzake, inauzwa pamoja na tiketi ya lifti unaweka tiki tu. Helmeti nayo imekuwa lazima kwa wote, sio watoto pekee, kuanzia msimu wa 2025-26. Unakodi pale pale na viatu.

msafiri_mpya
Na kulala pakingi polisi hawasumbui?

mwana_wa_barani
Sheria yao ya barabara kifungu cha 185 inasema kampa ikiegeshwa sio kupiga kambi, maadamu inagusa ardhi kwa tairi zake tu, haimwagi maji yake machafu, na haichukui nafasi zaidi ya ukubwa wake. Kwa ivo kulala ndani umelala, lakini ukitoa viti na meza na tenti ya pembeni umeshaingia kwenye kambi na faini. Sasa hio ni sheria ya nchi, miji ya kitalii inaweka vibao vyake, ukiona alama ya kukataza kampa usiku usibishane nayo, nenda kwenye area di sosta, pakingi maalum ya kampa, ulipe. Mimi binafsi napendelea hizo za kulipia, nyingi zina umeme, unachomeka, na theluji wanaisukuma wanajua nyie mko pale.

Na popote mtakapolala msiegeshe chini ya mteremko wenye theluji nyingi juu yake, hata kama pana kivuli kizuri na hakuna mtu. Hakuna mtu kwa sababu.

kijana_wa_amu
Usiku kuna kelele? Mie nikisikia kelele silali.

mwana_wa_barani
Kuna yale magari ya mnyororo ya kupiga pasi njia za skii, yanafanya kazi usiku, utaona taa zinapanda na kushuka mlimani kama ngarawa za wavuvi wa karabai. Kelele yake ya mbali. Kelele ya kweli ni jirani anaekoroma nusu mita kutoka sikioni.

mama_wa_mapacha
Viatu vya skii mnaviweka wapi? Mume wangu mwaka jana rafiki yake aliviacha kiti cha mbele asubuhi havikuingia mguuni.

mwana_wa_barani
Havitaingia kweli. Ganda lake ni plastiki, likipata baridi linakuwa gumu kama jiwe na hutaweza hata kulitanua mdomo. Ukivua jioni toa ile soksi nene ya ndani yote, uitie ndani ya begi la kulalia miguuni, ikauke na joto lako. Ganda linalala ndani ya gari karibu na watu, vibanio vikiwa wazi, sio kwenye buti la gari. Asubuhi kama bado gumu lipashe na ule mfuko wa maji, dakika chache linalegea. Simu, powabanki na kamera nazo begini, baridi inamaliza betri haraka.

dereva_wa_kaskazini
Nimerudi. Sasa gari lenyewe. Dizeli haigandi?

mwana_wa_barani
Inaganda, tena vibaya. Dizeli ina nta ndani yake, baridi ikizidi nta inajitenga inaziba filta, gari linawaka kidogo linakufa. Huku mafuta ya winta yanachanganywa tofauti na ya kiangazi, na mlimani wanauza yenye kustahimili zaidi. Kwa ivo shemeji akiwa na tangi lililojazwa bondeni Oktoba hapo pana shida. Panda na tangi karibu tupu, jaza juu. Livigno mafuta ni rahisi tena, mji ule hauna ushuru, ndio maana utaona foleni ya magari yanayokuja kujaza tu. Adiblu, yale maji ya kusafishia moshi wa dizeli, nayo inaganda -11, lakini gari zina mfumo wa kuipasha, usiiguse.

Handibreki usivute, waya na breki zikilowa zinaganda zimeshika asubuhi gari haliendi. Weka gia ya kwanza, geuza tairi ukutani, weka kabari. Waipa zisimamishe juu. Raba za milango zipake silikoni nyumbani kabla ya safari, la sivyo mlango unagandia, na ukivuta kwa nguvu raba inang'oka yote. Na kama ile kampa ina betri za lithiamu, msizichaji zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika moja kwa moja, mpaka sehemu ile ipate joto kwanza.

dereva_wa_kaskazini
Hio ya handibreki sikuijua, huku kwetu ukiacha kuvuta kwenye kilima wanakuita muuaji. Na cheni za tairi?

mwana_wa_barani
Kutoka 15 Novemba mpaka 15 Aprili barabara nyingi za huko lazima uwe na tairi za winta au cheni ndani ya gari, vibao vipo barabarani. Mimi nasema viwe vyote viwili. Na cheni zivalisheni kwanza nyumbani, uani, mchana, mikono ikiwa na joto, mara ya kwanza isiwe kwenye kona gizani theluji inakuingia shingoni na lori la nyuma linakupigia honi.

dereva_wa_kaskazini
Lori la nyuma si mimi 😂 Sasa zinafungwa tairi za nyuma?

mwana_wa_barani
Zinafungwa zile zinazovuta. Vani ya Ducato inavuta mbele, ivo fungeni za mbele. Transit ziko za aina zote mbili, shemeji achungulie chini kabla hajanunua.